Mikroskopu ya shule na sanduku ya lame 25 za mimea, hapa Bukavu: nunua nini, acha nini

Kwa wenye haraka: mikroskopu nunua, sanduku ya lame (vile vioo vidogo vyenye kipande cha mmea kimebandikwa juu) nunua kama makuta inabaki, na usilipe hata franga moja kabla haujapitisha kila lame chini ya lensi pale pale dukani. Wenye muda wasome mpaka chini. Mi niko mwalimu wa biolojia huku Kadutu na kila mwaka tukifika ku ile sura ya tishu za mimea yenye maua, batoto wanakariri tu, epidemisi ya ngozi, parenkima ya seli laini, kolenkima na sklerenkima za kushikilia mmea, zailemu ya kupeleka maji, floemu ya kupeleka sukari, wanaandika muzuri ku mtihani na hakuna hata moja yao mwenye ameona seli moja kwa macho yake. Hiyo inaniuma kabisa. Njo maana nilitafuta hizi vitu, na njo maana naandika kirefu, juu walimu wengine wananiuliza kila mara kama inafaa.

Jina ya duka nitaiacha. Wauzaji wa vifaa vya labo mjini wako kadhaa na sanduku zenyewe zinafanana, zinatoka nje, na maandishi ya juu ya lame ni Kilatini ama Kiingereza.

Mikroskopu kwanza. Ni ya chuma, nzito kidogo, okulari moja (lensi ya juu ya kuwekea jicho) ya 10x na objektifu tatu (lensi za karibu na lame) za kuzungusha, 4x, 10x na 40x, unazidisha tu, 40, 100, 400. Kwa tishu za mimea hiyo inatosha kabisa, tena ile 4x yenye watu wanadharau njo mi natumia zaidi, juu kwa shina ama mzizi kitu cha kwanza cha kuona ni mpangilio wote, wapi ngozi ya nje, wapi mishipa, wapi katikati, seli moja moja inakuja nyuma. Chini kuna kioo upande mmoja na taa ya LED upande mwingine, unageuza tu. Kwa mji wenye umeme unaenda na kurudi kama huu wetu, usikubali kununua mikroskopu isiyo na kioo. Asubuhi karibu na dirisha kioo inatoa mwanga safi kushinda ile taa, yenyewe iko na ublu-blu kidogo. Ila usielekeze kioo kwa jua lenyewe, utaua jicho la mtoto, elekeza ku anga ama ku ukuta mweupe.

Angalia pia ubavu wa objektifu, kuna namba ndogo imechongwa, 160/0.17. Hiyo 0.17 ni unene wa lamele kwa milimita, kile kioo chembamba cha kufunika juu. Kwa 4x na 10x haisumbui sana, lakini ku 40x ukiweka kitu cha unene mwingine picha inakuwa na ukungu, kisha unalaumu mikroskopu bure. Na ukifika ku 40x usiguse tena skrubu kubwa, lensi iko karibu sana na lame, zungusha ile ndogo tu polepole. Ile yangu skrubu ndogo iko laini, ukiacha mkono picha inabaki pale pale. Nilijaribu zingine mbele ya muuzaji, unaacha mkono na picha inajishukia yenyewe, hizo ziache mezani hata bei ikishuka.

Zile za plastiki zenye kuandikwa 1200x na picha ya mtoto ku boksi, achana nazo. Mwanga wenyewe uko na mpaka. Vitu viwili vyenye vimekaribiana chini ya kama mikromita 0.2 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) mikroskopu ya mwanga haiwezi kuvitenganisha, na hiyo ni kwa lensi nzuri kabisa zenye zinatumika na tone la mafuta. Ku lensi ya plastiki unakuza ukungu tu, mtoto anaona marangi pembeni pembeni anafikiri njo seli.

Sasa sanduku. Lame 25, kila moja mu nafasi yake, na karatasi ya orodha ndani ya kifuniko. Kuna ncha ya mzizi wa kitunguu, shina la mahindi, jani la mahindi, shina la alizeti, shina la boga, mzizi wa Ranunculus (kaua ka nchi za baridi), shina la Tilia (mti wa huko huko) la miaka mitatu, ncha ya shina ya Coleus, ovari na antha (sehemu ya kike na ya kiume ya ua) za Lilium, na zingine za majani na mbegu. Hizi si vitu vya kukata kwa mkono. Wanazamisha kipande cha mmea mu nta, wanakata kwa mashine vipande vya unene wa mikromita kama 10 mpaka 20, kisha wanapaka rangi mbili, safranini yenye inashika kuta zenye lignini (ile inafanya mbao iwe ngumu) zinakuwa nyekundu, na kijani yenye inashika kuta za selulozi. Kwa hiyo ukiangalia tu unajua nani ni nani, zailemu nyekundu, nyuzi za sklerenkima nyekundu, floemu kijani, parenkima kijani. Kwa mtoto wa kwanza kuona hiyo ni msaada mkubwa sana.

Lame ya ncha ya mzizi wa kitunguu peke yake inanifanya nisijute hii sanduku. Pale nyuma kidogo ya ncha kuna meristemu, mahali seli zinagawanyika, seli ndogo ndogo za mraba, kiini kikubwa, hakuna nafasi tupu ndani, na ku 400 unaona kromosomu kabisa, hapa zimejipanga katikati, hapa zimevutwa pande mbili, hapa ukuta mpya unaanza kuchorwa katikati ya seli mbili. Ukipanda juu kidogo ku lame ile ile seli zinakuwa ndefu, na juu zaidi zinaanza kujichagua kazi. Ni mmea unakua mbele ya macho yako mu milimita chache. Kuifanya mwenyewe kwa mzizi wa kitunguu cha soko inawezekana ila inataka asidi na rangi yake na mkono wenye mazoezi, kwa shule nyingi hapa ni ngumu, kwa hiyo hii ni ya kununua.

Ya pili ni shina la boga. Mimea mingi iko na floemu upande wa nje tu wa zailemu, boga iko nayo pande zote mbili, nje na ndani, na mirija yake ni minene sana kiasi kwamba ukitafuta kwa utulivu unapata ile sahani yenye matundu katikati ya seli moja na nyingine ya floemu, kichujio chenyewe. Pembeni yake kaseli kembamba kenye kiini, seli mwenzi. Ile ya mrija haina kiini tena lakini iko hai, na huyu wa pembeni njo anaisaidia kuishi. Mirija ya zailemu nayo imekufa kabisa, ndani tupu, kuta tu zimebaki. Nilipoeleza hivyo binti moja wa nyuma akaniuliza, "Prof, kumbe maji inapanda mu seli zenye zimekufa? Nani anaisukuma?" Ni swali zuri kushinda yote ya kitabu. Hakuna mwenye anaisukuma, inavutwa. Majani yanapoteza maji hewani kupitia stomata, vile vitundu vidogo vya jani, na maji inashikamana yenyewe kwa yenyewe mu ule mrija mwembamba mpaka chini ku mzizi, kwa hiyo ikitoka juu inakokota yenye iko nyuma. Wanasayansi Dixon na Joly walieleza hivyo kule Dublin mwaka 1894. Ku floemu mambo ni kinyume, pale kuna kusukuma, sukari ikiingia mu mrija kutoka ku jani maji inaifuata, shinikizo inapanda, inasukuma utamu mpaka ku mzizi ama ku tunda, maelezo ya Ernst Münch, mu 1930. Mbili zinapita bega kwa bega mu kamshipa kamoja, moja inavutwa, ingine inasukumwa, na ku ile lame ya boga zote mbili unaziona bila kusogeza kitu.

Shina la mahindi kila mtu anaipenda juu ile mishipa imetawanyika kila mahali mu shina, haiko mu duara, na kila mshipa uko kama uso wa mtu, mirija miwili mikubwa njo macho, na ile nafasi ya hewa ya chini njo mdomo. Weka alizeti pembeni, mishipa imejipanga mu duara nzuri, katikati parenkima tupu. Dakika tano na tofauti ya monokoti (mbegu ya jani moja, kama mahindi) na dikoti (mbegu ya majani mawili, kama alizeti) imeingia kichwani bila kukariri.

Jani la mahindi nalo liko muzuri lakini linahitaji mtu wa kueleza. Kuzunguka kila mshipa kuna duara la seli kubwa zenye kloroplasti (punje za kijani) nyingi, na nje yake duara ingine. Ni ile mashine ya C4, hewa ya kaboni inashikwa nje kisha inapelekwa ndani kwenye sukari inatengenezwa, njo maana mahindi inakimbia kukua mu jua kali. Lengalenga yetu nayo ni ya C4 hata kama ni dikoti, watu mingi hawajui.

Mzizi sasa. Hapa njo kulikuwa na shida. Lame ya mwanzo yenye ilikuwa mu sanduku yangu imeandikwa Ranunculus, mzizi wa dikoti. Naweka ku 4x naona katikati kuna parenkima, seli kubwa za mviringo, na kuzunguka hapo mirija ya zailemu mingi imejipanga mu pete. Hapana. Mzizi wa Ranunculus katikati iko na nyota ya zailemu, mikono minne hivi, na floemu inakaa mu nafasi kati ya mikono, hakuna parenkima pale mu moyo. Nilichokuwa naangalia ni mzizi wa monokoti, na kweli nilipotoa lame ya mzizi wa monokoti ya sanduku ile ile zilikuwa ndugu mapacha, hata kale kamkunjo ka ngozi kalikuwa sawa, walibandika karatasi vibaya huko zinakotoka. Fikiria mwalimu mwenye hajaangalia, anafundisha darasa lote kwamba dikoti iko hivyo! Muuzaji sikumlaumu yeye hajui mimea, nilimwonyesha, tukafungua sanduku ingine, ile ilikuwa na Ranunculus ya kweli, tukabadilisha pale pale. Kwa hiyo narudia, angalia kabla ya kulipa, na angalia hasa hizi: mzizi wa dikoti lazima nyota katikati, shina la dikoti lazima duara, shina la monokoti lazima mishipa imetawanyika, jani la dikoti upande wa juu lazima safu ya seli ndefu zimesimama wima. Ukikuta tofauti, karatasi inadanganya.

Ile lame ya mzizi wa monokoti lakini usiidharau. Tafuta endodemisi, pete ya seli kati ya gamba na mishipa, mu mzizi wenye umekomaa kuta zake za ndani na za pembeni zimenenepa sana, nyekundu kabisa, na hapa na pale kuna seli moja haikunenepa, hiyo njo mlango. Mu mzizi mchanga kuna ule utepe wa Caspary, Robert Caspary aliuonyesha karne ya 19, unaziba njia ya kati ya kuta ili maji na chumvi zipite ndani ya seli zenyewe, mmea uchague nini inaingia. Batoto wa chimie-bio (tawi la kemia na biolojia) wanaelewa hapo juu ya nini mmea haunywi kila sumu yenye iko mu udongo.

Kitu chenye sikipendi ku sanduku ni kwamba mimea mingi ni ya kwa watu. Ranunculus, Tilia, Ligustrum, nani ameziona hapa Bukavu? Lame ya Tilia ni nzuri sana, pete tatu za mti, mirija mikubwa ya mwanzo wa msimu na midogo ya mwisho, lakini hizo pete zinakuja juu kule kuna baridi kali, mti unalala kisha unaamka. Huku kwetu kuna mvua kuanzia Septemba mpaka Mei hivi na kiangazi kifupi, miti yetu mingi haina pete wazi namna hiyo, mtoto anatoka pale ananiambia atahesabu umri wa avoka ya nyumbani kwao. Mwalimu lazima aseme.

Lakini Tilia ile ile njo inaonyesha kambiamu, tabaka jembamba kati ya zailemu na floemu yenye inazaa mbao upande wa ndani na floemu mpya upande wa nje, na hapo nawaambia waangalie gome. Gome ni yote yenye iko nje ya kambiamu, floemu iko ndani yake. Huku Kivu tunaishi na magome, kinkina inalimwa hapa toka zamani, kinini inatoka ku gome, na kiwanda cha Pharmakina kiko hapa hapa mjini. Na mu misitu ya milima kuna Prunus africana, gome lake linatafutwa kwa dawa za prostate, mpaka mwaka 1995 mti ule uliingizwa ku orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa dunia wa kuchunga biashara ya mimea na wanyama, juu ulikuwa unachunwa ovyo. Sasa ukichuna gome mti mzima kuzunguka, umekata floemu yote. Zailemu iko ndani haijaguswa, maji inaendelea kupanda, majani yanabaki kijani kwa muda na mtu anasema ona mti hauna shida. Kumbe mizizi chini haipati tena sukari, inakula akiba, ikiisha mti unakufa. Ukichuna upande moja na kuacha mwingine, bila kukwangua kambiamu, mti uko na nafasi ya kujifunika tena. Hii nilieleza na lame moja ya Tilia, kuna kijana wa Kalehe mu darasa yangu alisimama akasema mjomba wake anachuna na atamweleza. Somo ya tishu si ya mtihani tu, tafadhali.

Rangi nazo ziko na shida yake. Baada ya sanduku, batoto wote wanachora mimea nyekundu na kijani, moja akaniuliza kama mahindi ndani iko nyekundu. Kwa hiyo sasa sianzi na sanduku, naanza na wembe, na hapa njo sababu nasema mikroskopu ni ya lazima lakini sanduku ni ya nyongeza.

Inafanyika hivi. Panda maharagi mu kopo, ikipata majani yake ya kwanza kata shina. Chukua kipande cha karoti, pasua katikati, bana shina mule ndani ili lisicheze. Wembe mpya, si ule wa jana, lowesha maji, lowesha na karoti, vuta wembe kuja kwako kwa mwendo moja bila kusukuma chini, tena na tena haraka haraka, vipande vinabaki ku wembe, viangushe mu sahani ya maji. Usitafute duara kamili, watu wote wanakosea hapo, wanachagua kile cha mviringo mzuri kumbe ni kinene. Chagua kile chenye ukingo wake karibu hauonekani mu maji, hata kama ni nusu, ule ukingo uko na seli safu moja ama mbili. Kiweke ku lame na tone la maji, shusha lamele kwa kuinamisha upande moja kwanza, hewa inatoka. Yenye itabaki na duara nyeusi nene pembeni ni povu la hewa, si seli, mtoto wa kwanza lazima atakuchorea hiyo.

Kisha gusisha tone la yodi ya farmasi ku ukingo wa lamele, upande mwingine weka kipande cha karatasi ya choo, inavuta maji, yodi inapita chini. Angalia ku 100. Wanga inageuka blu-nyeusi, na mu shina changa la maharagi utaona pete nzima ya seli zenye punje nyeusi kuzunguka mishipa. Hiyo pete hakuna mtu aliipaka, mmea wenyewe uliiweka. Darasa linanyamaza kabisa pale.

Seleri ya soko, ile tunaweka mu supu, nayo ni ya bure karibu. Weka tawi mu maji yenye wino mwekundu usiku moja, asubuhi kata, madoa mekundu yenye utaona njo zailemu, na zile kamba zenye zinakwama mu meno ziko pembeni ya nje, nyingi ni kolenkima, seli hai zenye kuta zimenenepa ku pembe, zinashikilia mmea lakini zinakubali kupinda. Linganisha na sklerenkima, yenyewe imekufa, ngumu. Kwa hiyo kata pera, chukua kidogo ya nyama yake yenye mchanga-mchanga, ponda kati ya lame na lamele: ule mchanga ni seli za mawe, kuta nene kabisa na vinjia vyembamba vinapita ndani. Sanduku haina kitu kama hiyo! Wenye walikula mapera toka utoto wanaangalia na kuita wenzao.

Kwa stomata, paka verni ya kucha isiyo na rangi chini ya jani, ikauke, bandika skochi, vuta. Maharagi iko na seli mbili za figo zinatazamana, mahindi iko na seli nyembamba katikati na zimevimba ku ncha, mpangilio wa mistari mistari. Kata na mgomba pia mbele yao. Kile watu wanaita shina la ndizi ni majani tu yamefungana, na ndani yake kuna vyumba vya hewa vikubwa unaviona hata bila lensi. Nikifika hapo nasema neno juu ya ule mnyauko wa bakteria wenye umeua ndizi nyingi huku Kivu tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Wadudu wanaupeleka ku vidonda vya ua dume, unaingia mu mishipa, unashuka mmea wote, ukikata unaona usaha wa njano unatoka. Njo sababu wanashauri kuvunja lile ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, juu panga inatoka mgomba huu na utomvu inaingia mgomba ule. Mwenye ameona mishipa kwa macho yake hauitaji kumwambia mara mbili.

Sasa kutunza. Huku kwetu na huu unyevu wa karibu na ziwa, lensi zinaota ukungu, kweli, nyuzi za ukungu zinatambaa ku kioo na hazitoki. Weka mikroskopu mu ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinafunga muzuri, tia ndani vile vipakiti vya kukausha vyenye vinakuja mu viatu vipya, kusanya vingi. Lame zikae gizani zimelala, juu safranini jua inaipausha. Lensi futa kwa kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa, usitumie shati.

Bei: mikroskopu niliambiwa dola 110 nikaipata kwa 90, sanduku dola 30 na hakushuka hata kidogo. Huduma yenyewe nzuri, muuzaji alikuwa na subira sana, alinipa kiti na meza karibu na mlango nikaangalia lame zote, na wateja wengine wakaanza kuja kuchungulia. Ila kwa mtu anasema dola 30 ni nyingi, ni kweli ni nyingi, na kama shule yenu haina hata mikroskopu usiguse sanduku kwanza, wembe na karoti vitakutosha mwaka mzima. Kama mikroskopu iko tayari, shule tatu zinaweza kuchanga na kuzungusha sanduku moja, mi na wenzangu wa Bagira tumeanza hivyo na hakuna lame imevunjika.

Mikroskopu naipa nne na nusu kwa tano, sanduku tatu na nusu. Ile nusu na moja ingerudi kama wangetia muhogo na ndizi badala ya Ligustrum. Muhogo kwanza! Ile yenye tunakula karibu yote ni parenkima ya zailemu imejaa wanga, kale kakamba ka katikati ni zailemu ngumu, na ganda linatoka kirahisi juu linaachana pale pale ku kambiamu, na ganda lile njo liko na sumu nyingi zaidi ya sianidi. Mama zetu wanamenya hiyo kila siku na hakuna lame yake mu sanduku hata moja ya zenye nimefungua. Kama kuna mtu Goma ama Lubumbashi ameona sanduku yenye lame za mimea ya huku, aandike hapa chini iko na nini ndani na bei ni ngapi, nitatuma mtu anichukulie.